Emmanuel Mudiay: juu ya nini aliacha iniversite ya Marekani akaenda kucheza China

Mwezi wa saba mwaka wa 2014, kijana mmoja mzaliwa wa Kinshasa alifanya jambo ambalo watu wengi wa basket huko Marekani hawakulitazamia. Emmanuel Mudiay alikuwa na miaka 18. Alikuwa amekwisha kukubali kuingia iniversite ya SMU, kule Dallas, na masomo yake yangelipiwa. Lakini hakuingia. Alitia sinyatire kwenye kontra ya mwaka mmoja na ekipe ya Guangdong Southern Tigers, kule China. Feza zilizotangazwa: dola 1,200,000.

Jambo hilo lina zaidi ya miaka kumi sasa, lakini swali lake linarudi kila mara hapa kwetu, iwe Goma, Bukavu, Beni, Bunia ao Uvira. Kijana anakuwa mrefu, anashika mpira vizuri, watu wanaanza kumtaja. Kisha mtu anakuja nyumbani na kuwaambia wazazi kwamba atampeleka mtoto wao ng'ambo. Wamoja wanaahidi iniversite, wengine wanaahidi ekipe yenye kulipa. Wazazi wanabaki na wasiwasi: njia gani ni nzuri, na nani anasema kweli?

Safari ya Mudiay inasaidia kuelewa namna njia hizo zinavyofanya kazi. Yeye alipita China, akafika NBA, akatoka, akacheza Ulaya na Puerto Rico. Kila mahali alipopita, kulikuwa karatasi iliyosema atakaa muda gani na nani anaweza kumwachisha. Ukifuata karatasi hizo moja kwa moja, unaelewa mengi kuliko ukihesabu pointi zake tu.

Mtoto wa Kinshasa, kijana wa Texas

Mudiay alizaliwa Kinshasa tarehe 5 mwezi wa tatu mwaka wa 1996, wakati inchi yetu ilikuwa ingali inaitwa Zaïre. Mwaka huo huo, vita ilianza huku mashariki, na mwaka uliofuata utawala wa Mobutu ukaanguka. Mwaka wa 1998 vita ya pili ikaanza. Baba yake alikufa wakati yeye alikuwa mtoto mdogo. Familia yake ilikimbia na kuomba ukimbizi Marekani, na mwaka wa 2001 watoto walikuwa wamefika Texas, upande wa Dallas. Mama ndiye aliyewalea.

Kaka zake nao walicheza basket. Emmanuel alikua haraka, akapita mita 1.90, lakini hakuwekwa chini ya kikapu sawa vile wanavyofanya mara nyingi na watoto warefu. Alicheza mbele ya wote, akishika mpira na kupanga mchezo. Huyo ndiye mwongoza mchezo, yule ambaye vijana wa hapa wanamwita meneur. Kazi yake ni kuvuka na mpira, kusoma namna wapinzani wamesimama, na kuamua nani apewe pasi. Mwongoza mchezo mwenye urefu ule anaona juu ya vichwa vya wanaomzuia. Ndiyo maana ekipe nyingi zilimtaka.

Alipomaliza masomo ya sekondari mwaka wa 2014, alikuwa kati ya vijana waliohesabiwa kuwa wa kwanza kwa basket katika Marekani nzima. Aliitwa kwenye mechi ya McDonald's All-American, ambayo inakusanya vijana bora wa masekondari. Mwaka huo huo alicheza Nike Hoop Summit, mechi ambapo vijana wa Marekani wanakutana na vijana wa inchi zingine. Mudiay alikuwa upande wa inchi zingine, kwa sababu ya kuzaliwa Congo.

Sheria ya mwaka mmoja

Msomaji anaweza kuuliza: kama alikuwa mzuri hivyo, juu ya nini hakuenda NBA moja kwa moja?

Zamani iliwezekana. Kevin Garnett alitoka sekondari akaingia NBA mwaka wa 1995, Kobe Bryant mwaka wa 1996, LeBron James mwaka wa 2003. Lakini mwaka wa 2005, NBA na chama cha wachezaji wake walikubaliana juu ya sheria mpya. Kuanzia mwaka wa 2006, kijana anayemaliza sekondari Marekani anapaswa kuwa na miaka 19 katika mwaka wa kuchaguliwa, na pia mwaka mmoja uwe umepita tangu darasa lake limalize.

Sheria hiyo haisemi kijana apitishe mwaka huo wapi. Wengi walienda iniversite, wakacheza msimu mmoja, wakaacha masomo na kuingia NBA. Lakini aliyetaka kulipwa alikuwa huru kwenda inchi nyingine. Wa kwanza mwenye jina kubwa kufanya hivyo alikuwa mwongoza mchezo pia, Brandon Jennings. Mwaka wa 2008 aliacha iniversite na kwenda kucheza Italia, katika ekipe ya Roma. Hakucheza sana, lakini mwaka wa 2009 ekipe ya Milwaukee ilimchagua namba 10. Kisha, akiwa mgeni katika NBA, alitia pointi 55 katika mechi moja. Mlango ulikuwa umefunguka.

Iniversite ilitoa nini, na ilikataza nini

SMU haikuwa mahali pabaya. Kocha wake alikuwa Larry Brown, mzee anayejulikana sana: alishinda ubingwa wa iniversite na Kansas mwaka wa 1988, na ubingwa wa NBA na Detroit mwaka wa 2004. Kwa mwongoza mchezo kijana, kocha sawa huyo ni shule yenyewe. Tena SMU iko Dallas, karibu na nyumbani.

Bursi ya michezo katika iniversite kubwa za Marekani inalipa masomo, mahali pa kulala, chakula na vitabu. Ni feza nyingi ukizihesabu kwa mwaka. Lakini hazipiti mkononi mwa mwanafunzi, na mama yake hawezi kulipa nyumba nazo. Wakati ule, NCAA, ule umoja unaosimamia michezo ya iniversite, ulikataza kabisa mchezaji kulipwa kwa kucheza. Hata kuuza jina lake ao picha yake kwa tangazo ilikuwa makosa. Anayepokea feza alipoteza ruhusa ya kucheza.

Jambo lingine ni kwamba bursi nyingi zilikuwa za mwaka mmoja mmoja. Shule inaweza kuongeza, inaweza pia kutoongeza. Wazazi wengi wanafikiri bursi ni ahadi ya kufika mpaka diploma. Mara nyingi sivyo.

Mudiay alipotangaza kwamba anaacha SMU, alisema sababu yake: alikuwa amechoka kuona mama yake akiteseka. Kocha Brown naye alisema ni jambo la familia yenye uhitaji, si la masomo. Magazeti ya huko yaliandika pia habari ya sekondari ya mwisho aliyosoma, Prime Prep Academy ya Dallas, shule mpya iliyokuwa na matatizo mengi. Watu walijiuliza kama NCAA ingekubali karatasi za wanafunzi wake bila shida. Shule hiyo ilifungwa mwanzo wa mwaka wa 2015.

Hapo kuna somo kwa wazazi wa huku. Hata kijana mwenye kipaji kikubwa, aliyesoma Marekani yenyewe, anaweza kuulizwa maswali juu ya karatasi za shule. Kwa kijana anayetoka Congo, NCAA inaangalia masomo yote ya sekondari, mwaka kwa mwaka, na diploma ya Leta. Bulletins zikipotea ao tarehe ya kuzaliwa ikiwa tofauti kwenye karatasi mbili, mlango unaweza kufungwa hata kama kocha anamtaka.

China: feza nyingi, nafasi chache

Guangdong ni ekipe kubwa katika ubingwa wa China, imeshinda mara nyingi. Lakini mchezaji mgeni katika inchi ile hapewi muda wa kujifunza polepole. Sheria ya ubingwa iliruhusu kila ekipe kuwa na wachezaji wageni wachache sana, kwa kawaida wawili. Kwa hiyo anayechukua nafasi hiyo anangojewa kushinda mechi toka siku ya kwanza. Wengi wa wageni hao ni watu wazima waliokwisha kucheza NBA. Mudiay alikuwa na miaka 18.

Alianza vizuri. Lakini mwezi wa kumi na moja, kisha mechi kumi tu, aliumia kifundo cha mguu. Hapo ndipo ilionekana uzito wa ile sheria ya wageni. Ekipe haikuweza kumngojea na kuongeza mtu mwingine kando yake. Walileta Will Bynum, aliyekuwa amecheza NBA miaka mingi, na yeye akachukua nafasi. Kijana akabaki kujitunza na kufanya mazoezi peke yake, mbali na nyumbani, wakati wenzake wa umri wake walikuwa wakionekana kila juma kwenye televisheni wakichezea iniversite.

Mwisho wa msimu alipata nafasi ya kurudi, katika mechi za mwisho dhidi ya Beijing, ekipe ya Stephon Marbury, Mmarekani ambaye Wachina walimpenda sana. Mudiay alicheza mbili, Beijing ikapita. Kwa jumla, mechi zake China zilikuwa 12. Wastani wake ulikuwa pointi 18, ribaundi 6.3 na pasi 5.9 kwa mechi moja.

Mechi 12 ni kidogo sana. Lakini alikuwa amecheza na watu wazima, amelipwa, na mama yake hakungoja mwaka mwingine. Ndicho alichokuwa ametafuta.

Namba saba

Mwezi wa sita mwaka wa 2015, kule Brooklyn, ilifanyika drafti, ile sherehe ambapo ekipe za NBA zinachagua vijana wapya kwa zamu. Denver ilimchagua Mudiay namba 7. Kwa Wacongomani, Denver ni jina lenye historia: ndiyo ekipe iliyomchagua Dikembe Mutombo mwaka wa 1991.

Ni vizuri kueleza namna kontra ya drafti inavyofanya kazi, juu watu wengi wanaisikia vibaya. Mchezaji wa duru ya kwanza hapangi bei yake namna anavyotaka. Kuna orodha inayosema namba fulani inalipwa kiasi fulani. Namba 7 ya mwaka ule ilikuwa na zaidi ya dola milioni 3 kwa mwaka wa kwanza. Kontra inaweza kufika miaka minne, lakini miaka miwili tu ya kwanza ndiyo hakika. Kwa mwaka wa tatu na wa nne, ekipe ndiyo inaamua kama inaendelea ao hapana.

Mwaka wa kwanza ulienda vizuri. Mudiay alicheza mechi 68, akawa na wastani wa pointi 12.8 na pasi 5.5, na akawekwa katika ekipe ya pili ya wachezaji wapya bora wa mwaka. Lakini kulikuwa ugonjwa katika mchezo wake: alikosa mitupo mingi. Kati ya mitupo mia moja, karibu 36 tu iliingia. Alipoteza pia mipira mingi. Miaka ile NBA ilikuwa inabadilika. Mwongoza mchezo asiyetupa vizuri kutoka mbali aliachiwa nafasi na wapinzani, na wenzake wakakosa mahali pa kupita.

Mwaka wa pili alipoteza nafasi ya kuanza mechi. Mwezi wa pili mwaka wa 2018 Denver ilimbadilisha, akaenda New York Knicks. Huko, msimu wa 2018-2019, alipata wastani mzuri kuliko yote katika NBA: pointi 14.8. Ila Knicks walishinda mechi 17 na kupoteza 65. Pointi katika ekipe inayopoteza hazihesabiwi sawa na pointi katika ekipe inayoshinda. Knicks hawakuendelea naye. Utah ikamchukua kwa mwaka mmoja, akicheza dakika chache. Kisha msimu wa 2020-2021 ukapita bila ekipe.

Alikuwa na miaka 24 tu.

Ng'ambo mara ya pili

Mwaka wa 2021 alienda tena nje ya Marekani, lakini sasa hakuwa kijana anayetafutwa na wote. Alitia sinyatire na Žalgiris ya Kaunas, kule Lithuania. Ni inchi ndogo ambapo basket inapendwa sawa vile mpira wa miguu unapendwa hapa kwetu. Žalgiris ni ekipe ya Arvydas Sabonis, mmoja wa warefu bora wa Ulaya wa nyakati zote, na inacheza Euroleague, mashindano makubwa ya vilabu vya Ulaya.

Mchezo wa Ulaya ni tofauti. Mechi ni dakika 40, NBA ni 48. Mchezaji mkubwa chini ya kikapu anaweza kubaki pale pale kuzuia njia bila kuhesabiwa sekunde, kwa hiyo mwongoza mchezo anayependa kuingia kwa nguvu anakuta ukuta. Makocha wanapanga kila shambulio, na ekipe inayopoteza mechi tatu tayari inatafuta wa kulaumu. Mwanzo wa msimu ule Žalgiris ilianza vibaya na ikabadilisha kocha. Kufikia mwezi wa kumi na mbili, Mudiay alikuwa amekwisha kuachana na ekipe.

Mwezi ule ule alirudi NBA kwa mlango mdogo. Covid-19 ilikuwa imefungia wachezaji wengi nyumbani, na NBA iliruhusu ekipe kuleta watu wa kujaza nafasi kwa siku kumi. Sacramento ilimpa kontra hiyo ya siku kumi. Kisha hapo safari yake iliendelea nje ya NBA, na alicheza pia Puerto Rico, katika ekipe ya Piratas de Quebradillas.

Angalia urefu wa karatasi hizo. Iniversite: ahadi ya kusoma, bila mshahara. China: mwaka mmoja. Denver: mpaka miaka minne, lakini miwili tu hakika. Utah: mwaka mmoja. Kaunas: hakumaliza msimu. Sacramento: siku kumi. Hiyo ndiyo maisha ya wachezaji wengi wa kulipwa. Wachache tu wanapata kontra ndefu za mamilioni zinazotajwa kwenye redio. Wengine wanahama kila mwaka, wakati mwingine mara mbili kwa mwaka, na wanapaswa kuweka feza za mwezi mzuri kwa ajili ya mwezi mbaya.

Je, alikosea kuacha iniversite?

Wamoja wanasema mwaka mmoja ama miwili chini ya kocha Larry Brown ungemfundisha kutupa vizuri na kupunguza makosa. Inawezekana. Lakini tatizo la kutupa lilimfuata hata kisha miaka mitano ya makocha wa NBA, kwa hiyo ni vigumu kusema mwaka wa SMU ungelimaliza. Tena, angeumia kifundo kile kile akiwa iniversite, angebaki bila dola hata moja.

Wacongomani wengine wanatusaidia kulinganisha. Bismack Biyombo, mzaliwa wa Lubumbashi, alipita Uhispania, katika klabu ya Fuenlabrada, na mwaka wa 2011 akachaguliwa namba 7. Jonathan Kuminga, mzaliwa wa Goma mwaka wa 2002, alienda Marekani akiwa kijana wa sekondari, akacheza mwaka mmoja katika G League Ignite, ekipe ambayo NBA yenyewe iliunda kusudi kulipa vijana wasiotaka iniversite. Mwaka wa 2021 Golden State ilimchagua, naye pia namba 7, na mwaka uliofuata akawa bingwa wa NBA. Namba saba tatu, Wacongomani watatu, na hakuna hata mmoja aliyecheza iniversite.

Lakini kuna Mutombo. Yeye alifika Marekani mwaka wa 1987 kwa bursi ya masomo, akitaka kuwa muganga. Georgetown ikamwingiza katika basket. Alimaliza masomo yake, akazungumza luga nyingi, akacheza NBA miaka 18, na mwaka wa 2007 hospitali aliyoijenga Kinshasa kwa jina la mama yake ikafunguliwa. Alikufa tarehe 30 mwezi wa tisa mwaka wa 2024. Masomo hayakumzuia kuwa mchezaji mkubwa, na yalimsaidia sana alipoacha kucheza.

Tofauti kati yao si akili wala bidii. Biyombo na Mutombo walikuwa warefu wa kuzuia, na mtu wa kuzuia anaweza kukaa miaka mingi hata kama hatii pointi. Mwongoza mchezo anapewa mpira mkononi, na makosa yake yanaonekana kila dakika. Kwa kijana wa nafasi hiyo, mazoezi ya kutupa ni sehemu ya kontra hata kama hayajaandikwa.

Mambo yamebadilika sasa

Kijana wa leo asifuate hesabu ya mwaka wa 2014. Toka mwezi wa saba 2021, NCAA inaruhusu wanafunzi kupata feza kutokana na jina na picha yao. Mwaka wa 2025, kisha kesi mahakamani, iniversite zenyewe ziliruhusiwa kugawia wachezaji feza, mpaka dola milioni 20.5 kwa shule moja kwa mwaka, kwa michezo yote pamoja. Ndiyo maana G League Ignite ilifungwa mwaka wa 2024: iniversite zilikuwa zinalipa vizuri kuliko yenyewe.

Lakini mgeni ana shida yake. Mwanafunzi anayeingia Marekani kwa viza ya masomo, ile inayoitwa F-1, anabanwa na sheria ya kazi. Mwenzake Mmarekani anaweza kutia sinyatire ya tangazo kwa urahisi, lakini yeye akifanya vivyo hivyo bila ushauri wa avoka, anaweza kuharibu viza yake. Kwa hiyo mtu akikuambia mtoto wako atakuwa tajiri mara tu akifika iniversite, muulize kwanza habari ya viza.

Nafasi ziko pia karibu zaidi. Basketball Africa League ilianza mwaka wa 2021, na mwaka wa 2022 Espoir Fukash ya Lubumbashi ilicheza ndani yake. Kijana anaweza kuonekana bila kuvuka bahari.

Maswali ya kuuliza mbele ya kutia sinyatire

Kwa wazazi wanaotembelewa na meneja, haya ndiyo ya kuangalia.

Kwanza, umri. Kwa sheria ya FIBA, kuhamisha mchezaji wa chini ya miaka 18 kutoka inchi moja kwenda nyingine kumekatazwa, isipokuwa kwa hali za pekee zinazokubaliwa. Anayetaka kubadilisha tarehe ya kuzaliwa ya mtoto, kupunguza ao kuongeza, anamtengenezea shida ya maisha yote.

Pili, meneja mwenyewe. Anayepeleka mchezaji inchi nyingine anapaswa kuwa na ruhusa ya FIBA. Majina ya wenye ruhusa yanaonekana kwenye intaneti. Kama jina lake halimo, aeleze sababu.

Tatu, barua ya kuachiliwa. Mchezaji aliyeandikishwa hapa hawezi kucheza katika klabu ya inchi nyingine bila barua ya shirikisho lake, na kwetu ni FEBACO. Safari inayofichwa kwa klabu na kwa shirikisho si safari ya basket.

Ine, karatasi ya shule. Iniversite ao sekondari ya Marekani inayokubali mgeni inamtolea karatasi inayoitwa I-20. Bila hiyo hakuna viza ya masomo. Ombeni kuiona, kisha mwandikie shule yenyewe kuuliza kama ni ya kweli. Msiridhike na picha ya WhatsApp.

Tano, kontra. Iwe katika luga ambayo mnasoma, ama itafsiriwe na mtu wenu, si na mtu wa meneja. Tafuteni majibu ya maswali haya: feza ni hakika ao zinategemea mechi? Akiumia, nani analipa hospitali, na mshahara unaendelea? Ekipe inaweza kumwachisha lini? Tiketi ya kurudi nyumbani iko? Pasaporti inakaa na nani? Jibu la hilo la mwisho ni moja tu: inakaa na mchezaji.

Sita, mahali pa kushitaki. Kontra nyingi za Ulaya na Asia zinataja BAT, mahakama ya basket yenye makao Geneva, ambayo inasikiliza kesi za wachezaji wasiolipwa. Kama jina hilo halimo kwenye kontra, ni vigumu kupeleka kesi huko.

Na meneja wa kweli anakula asilimia ya mshahara wakati mchezaji anapolipwa. Katika NBA, chama cha wachezaji hakikubali apite asilimia 4. Kwa hiyo anayeomba familia iuze kiwanja ao ng'ombe kusudi kwanza alipwe yeye, mbele ya mtoto kuona ekipe yoyote, anatafuta feza ya familia, hatafuti mchezaji.

Mudiay alikuwa na watu waliosoma karatasi zake mbele ya yeye kwenda China. Alipoumia mguu mwezi wa kumi na moja 2014, hakutupwa barabarani katika inchi asiyojua luga yake. Alirudi uwanjani, na miezi michache baadaye jina lake likasomwa Brooklyn. Kijana wa Goma ao wa Bunia anaweza kuwa na mikono mizuri kuliko yake. Asipokuwa na karatasi safi, kifundo kimoja cha mguu kinatosha kumaliza safari yake.